Msinivishe Glavu Nyeupe

Kaeni chini wanangu, na wewe Godson vua koti, maana mtu anayekaa na koti ndani ya nyumba anasubiri mwenzake amalize ili aondoke, na mimi leo sina mpango wa kumaliza haraka. Haika, iweke hiyo simu hapa juu ya blanketi, karibu na mdomo, na uhakikishe inarekodi, kwa sababu sauti yangu si ile mliyoizoea na kaka yako ni hodari wa kusema baadaye kwamba hakusikia vizuri. Jaswant, jirani yangu, kaa kwenye kiti kile cha dirishani na hizo gathia zako, vitafunio vya dengu vya Kingsbury. Wewe ni shahidi, na shahidi haruhusiwi kusinzia. Jacqueline, mjukuu wangu, ukipitwa na neno muulize shangazi yako, lakini usiniombe nirudie kwa Kiingereza. Kiingereza nimekisema miaka hamsini na minane kwa walioniajiri na walionifukuza, ila wosia wangu nitautoa kwa lugha niliyomtongozea bibi yako.

Akili yangu ni timamu. Haika ni nesi, atawathibitishia: dawa ya maumivu nimeikataa tangu asubuhi, ili mtu asije akasema mzee aliropoka. Inauma, na iume.

Nawaambia kilichonifanya niwaite. Alhamisi nilimtuma Haika aniletee barua ya daktari kutoka kwenye printa, akaniletea karatasi mbili zimeshikana, na ile ya pili ilikuwa na jina langu juu. Nikavaa miwani. "Wasifu wa Marehemu Injinia Faustine." Nimeona mengi duniani, lakini sikuwahi kusoma habari za kifo changu huku nakunywa uji. Godson, sikulaumu kwa kuiandika mapema, mtu mzima hupanga mambo yake. Sote tunajua kwamba siku ya kuaga mwili, watu wakishapita mbele ya jeneza, mtu husimama akasoma marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua lini, na kile kinachosomwa ndicho kinachobaki vichwani mwa watu, kwa sababu hakuna mwenye adabu anayeweza kumkatiza msomaji wa wasifu akamwambia anadanganya. Ndiyo maana nasema leo, ningali na mdomo wa kumkatiza.

Umeandika kwamba nilikuwa mhandisi wa maji, nikasomea Marekani, nikafanya kazi katika makampuni mbalimbali ya Marekani na Ulaya. Mwanangu, hayo makampuni mbalimbali yalikuwa timu kumi na moja za besiboli, na kazi yangu humo ilikuwa kuchuchumaa. Nawe unajua. Ulipoulizwa na dada yako ukasema, "Si uongo, baba alisoma uhandisi." Nilisoma miaka miwili, Godson, kati ya minne, na daraja nililojifunza kulijenga ni la kwenye karatasi.

Basi sikilizeni kazi ya baba yenu, maana hata nyinyi mlikula jasho lake bila kuijua. Katika besiboli kuna mtu anayerusha mpira na kuna mtu anayeupiga kwa gongo, na hao wawili ndio wanaopigiwa makofi. Nyuma ya mpigaji kuna mtu wa tatu, amechuchumaa, amevaa barakoa ya chuma usoni na ngao kifuani na miguuni, na kazi yake ni kudaka kila mpira ambao mpigaji ameukosa au ameuacha, mipira zaidi ya mia kwa siku, mipira migumu inayokuja kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Huyo ndiye mdakaji. Wenzake wote uwanjani wanamtazama yeye, naye peke yake anawatazama wote. Yeye ndiye anayeamua mpira urushwe vipi, na kwa kuwa hawezi kupaza sauti mpigaji akasikia, huteremsha mkono wa kulia katikati ya mapaja akasema kwa vidole. Kidole kimoja maana yake nyoosha, leta mpira wa moja kwa moja kwa nguvu zako zote. Vidole viwili maana yake pinda, leta mpira unaoonekana unakuja hapa kumbe unakwenda kule. Mrushaji akishinda, gazeti huandika jina la mrushaji, na mdakaji huenda kukanda magoti yake kwa barafu.

Jaswant anatingisha kichwa pale, yeye na kriketi yake. Miaka thelathini tumekaa ukuta mmoja hapa London, wewe mtoto wa mjini Moshi na mimi mtoto wa mlimani Kibosho, na bado unaamini ule ni mchezo wa watoto wa Kimarekani. Tingisha tu, ilimradi ukumbuke.

Aliyenifundisha ni padri mmoja Mmarekani, Padri Bernard, aliyekuja shuleni kwetu kufundisha hesabu akiwa na gunia la glavu na magongo. Alipouliza nani atakaa nyuma ya gongo, wenzangu wote wakatazama viatu vyao. Nikaenda mimi, si kwa ushujaa, bali kwa sababu nilichoka kusimama. Yeye ndiye aliyenitafutia chuo Marekani, kijiji kikanichangia nauli, na mwaka wa sitini na saba nikapanda ndege kwenda kusomea uinjinia. Mwaka wa sitini na tisa mtu mmoja mwenye kofia ya majani akaniona nikidakia timu ya chuo, akaniwekea mezani karatasi ya mkataba wa kucheza kwa mshahara, nikaacha chuo, nikatia sahihi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Sijajuta mpaka leo, na kama mlikuja hapa kusikia majuto ya hilo mtarudi na njaa.

Nilianzia mji wa viwanda vya karatasi ulionuka mayai viza, nikapelekwa jangwani, nikapelekwa kwenye mji ambao hoteli ya timu haikuwa na kitanda kwa mtu wa rangi yangu, nikalala kwenye chumba cha kuhifadhia nguo za wachezaji, na kesho yake nikadaka. Wengine waliniita Kilimanjaro kwa kuwa jina langu liliwashinda, wengine kwa dharau, nikawaitikia wote. Nikaenda Mexico, nikaenda Italia, nikamalizia Uholanzi kwenye mvua. Mara saba nilifukuzwa, na kila mara kwa maneno yaleyale: "Faustine, wewe ni mtu mzuri." Wanangu, mzungu wa michezo akikuita mtu mzuri, anza kufunga begi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama miaka kumi na tisa, na nilichokipata mvunguni ni haya magoti ambayo Haika huyapaka dawa.

Mara moja tu, Agosti ya mwaka sabini na sita, niliitwa ligi kubwa kwa sababu mdakaji wao alivunjika kidole gumba. Nilikaa siku tisa. Sikuingia mchezoni hata mara moja; nilikuwa nyuma ya uzio, nawapasha moto warushaji kabla hawajaitwa. Siku ya kumi mwenye gumba lake akapona, au akadanganya kwamba amepona kama sisi wadakaji wote tunavyodanganya, nami nikarudishwa chini. Kitabu cha ligi kubwa hakina jina langu na simwombi mtu aliweke. Lakini nyuma ya uzio ule nilidaka. Watu husema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nimeshindwa kwa uwazi, nimeshindwa mbele ya watu elfu tatu na mbele ya watu arobaini na mbwa wao, na kesho yake nikarudi kuchuchumaa. Hiyo kazi si aibu. Mtu asije akaifunika kwa neno Injinia kana kwamba anafunika kidonda.

Sasa nipeni maji. Kidogo. Inatosha.

Kuna siku moja nataka muijue, kwa kuwa yote nitakayoagiza yanatoka hapo. Mwaka wa sabini na tatu, katika timu ya nne, nilikuwa namdakia Douglas, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye alitetemeka kila wakubwa wa ligi walipokuja kumtazama. Siku hiyo walikuja. Nilimwonyesha vidole viwili, naye akaupinda mpira vizuri kabisa, vile nilivyomwomba, na mimi nikachelewa kushusha glavu. Ukanipita katikati ya miguu, ukagonga ukuta, wapinzani wakashinda. Sasa mpira ukimpita mdakaji, kuna karani kwenye kibanda juu ya jukwaa ambaye huamua kosa liandikwe kwa nani, kwa mrushaji aliyerusha ovyo au kwa mdakaji aliyezembea, na karani yule akamwandika Douglas. Tulioujua ukweli ni wawili, mimi na yeye, naye alikuwa benchini na taulo kichwani. Nikapanda ngazi za jukwaa na ngao zangu za miguu zinagonga kila kidato, watu wote wananitazama, nikafungua mlango wa kibanda nikamwambia yule mzee, "Futa. Mpira ulikuwa mzuri. Aliyekosa ni mimi." Akafuta. Wiki mbili baadaye nikaambiwa mimi ni mtu mzuri. Douglas alifika ligi kubwa akakaa miaka sita, na kila Krismasi mpaka alipofariki alinitumia kadi yenye maneno yaleyale: Mpira ulikuwa mzuri.

Katika miaka kumi na tisa hakuna mrushaji niliyembebesha kosa langu. Lishikeni hilo, kwa sababu sasa nawapeleka mahali nilipombebesha mtu.

Uongo wa uinjinia niliuanza mwenyewe, sikusingiziwa. Nilipotia sahihi ile karatasi nilimwandikia baba kwamba nimepata kazi, na hilo lilikuwa kweli. Akajibu akiuliza, "Kazi ya uinjinia?" Nami nikajibu, "Ndiyo, mzee." Akatangaza kanisani. Watu wakaanza kumwita Baba Injinia, na mtu aliyekuwa mchuma kahawa maisha yake yote akapewa kiti cha mbele harusini. Mimi ningemvua vipi jina hilo? Ndugu yangu Evarist nilimtumia picha yangu ya gazeti nikiwa nimevaa barakoa, akaificha chini ya godoro, akaniandikia kwamba mzee akiona mwanawe amefungwa chuma usoni atadhani yuko gerezani. Tulicheka, yeye huko na mimi huku. Ndivyo nilivyompa baba yangu vidole viwili mpaka akaingia kaburini.

Mwaka wa tisini na nne nikaenda kumzika. Kijiji kizima kikaniita Injinia, nikaitika. Matanga yalipokwisha, kamati ya maji ikanijia: walikuwa wanajenga tangi la kijiji juu ya zahanati, na fundi wao amesimamisha kazi. Fundi huyo aliitwa Kisamo, mtu mwembamba, si mwenye maneno mengi. Akanisogeza pembeni kwa heshima akasema, "Injinia, mimi sikusoma, lakini udongo huu una maji chini yake. Mfongo wa zamani, mfereji wa wazee, ulipita hapa, babu yangu alinionyesha. Tukiweka uzito juu yake utahama. Tusogee hatua arobaini tu, kule kwenye mwamba." Kamati nzima wananitazama. Nikachuchumaa, kwa kuwa ndicho nilichojua kufanya, nikausugua udongo viganjani kama mtu anayejua anachotafuta, nikasimama nikasema, "Panafaa. Endeleeni." Mnajua kwa nini? Kwa sababu injinia anayekubaliana na fundi papo hapo, watu huanza kumtilia shaka.

Mvua za El Nino zilipokuja, udongo ukahama vilevile alivyosema. Tangi likapasuka alfajiri. Maji yakabomoa majiko mawili, yakaua ng'ombe watatu zizini, na bibi mmoja aliyekuwa anawasha moto akavunjika nyonga, hakutembea tena mpaka kufa kwake. Evarist akaniandikia kwamba kijiji kinauliza Injinia anasemaje. Nilikuwa nyumba hii hii, nimerudi kutoka zamu yangu ya stesheni Stratford, nimekaa jikoni na koti la kazi la rangi ya machungwa, na Anastasia mama yenu anamenya ndizi. Akaniuliza naandika nini. Nikamwambia ni barua ya kawaida. Nikaandika sentensi moja: "Mahali palikuwa sahihi, muulizeni fundi saruji aliipeleka wapi."

Kaa, Haika, usilie juu ya simu, itaharibu.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi sikujikwaa, nililenga. Kisamo akaitwa mwizi wa saruji. Watoto wake waliimbiwa njiani wakienda shule. Akahamia Same, akafa huko, na mpaka leo pale kijijini mtu akijenga ukuta ukipinda watoto humtania kwamba amejenga Kikisamo. Kwa miaka ishirini na saba nimeishi Harrow hii, nimepanda treni, nimehudhuria misa, nimekata majani ya bustani, na jina la mtu yule limekuwa likitumika kuchekea kuta. Mimi niliyepanda ngazi kwa ajili ya Douglas nikashindwa kushika kalamu kwa ajili ya Kisamo. Godson, hiyo ndiyo maana ya Injinia unayotaka kuisoma mbele ya jeneza langu.

Mwezi uliopita nilimwomba Haika anitafutie watoto wa Kisamo, akampata binti yake, anaitwa Manka, ana duka la vifaa vya ujenzi huko Same. Nikampigia. Nikamweleza yote, tangu padri hadi barua. Nikamwambia nina sehemu ya shamba nataka kuwapa. Akaniambia, "Mzee, shamba lako kaa nalo. Baba yangu alikufa akituambia udongo ulikuwa na maji. Nataka jambo hilo lisemwe kanisani, palepale aliposemwa yeye, na mimi niwepo nisikie." Nikamwahidi. Kwa hiyo mwili wangu ukifika Kibosho, Manka atakuwa amekaa ndani ya kanisa lile. Je, Godson, utasimama mbele yake usome kwamba marehemu alikuwa mhandisi hodari wa maji?

Najua Evarist alipiga simu jana. Mliweka spika jikoni mkidhani nimelala, nikamsikia akisema msiuaibishe ukoo, marehemu huzikwa na mema yake. Mwambieni Evarist kwamba la kuvunda halina ubani. Na mwambieni kwamba bado sijawa marehemu, asiharakishe.

Lakini wewe, mwanangu, nilisikia ulichomjibu dada yako simu ilipokatika, na hicho ndicho kilichonichoma kuliko ya Evarist. Ulisema, "Ule mchezo ulimchukua kwetu. Kwa nini niusomee watu kama sifa?" Tangu uote ndevu hujawahi kusema neno la kweli kuliko hilo. Mama yako alifanya kazi za usiku hospitalini akakulea peke yake, na mimi nikawa mtu wa Oktoba msimu wa mchezo ukiisha, mtu wa kuja na mabegi na harufu ya dawa ya misuli. Mwaka wako wa tatu nilipoingia mlango ule, ulijificha nyuma ya gauni lake ukamuuliza huyu mjomba ataondoka lini. Nilicheka mbele yenu, nikaenda chooni nikalia. Kwa kutokuwepo kwangu nakuomba radhi, leo, mbele ya binti yako na mbele ya jirani. Kwa kudaka sitakuomba radhi. Hivyo ni vitu viwili, na nimechelewa sana kuvitenganisha.

Basi andika na hilo. Usiniandike mtakatifu wa besiboli, sikukuomba hivyo. Andika kwamba alikosa siku saba za kuzaliwa za mwanawe wa kwanza. Andika timu kumi na moja, andika siku tisa, andika miaka miwili ya chuo, andika udongo, andika Kisamo alisema kweli na Faustine akasema uongo kwa maandishi. Wasifu wenye hayo yote utakuwa wa kweli kwangu na wa kweli kwako, na hutahitaji kutazama chini ukiusoma. Jaswant amekubali kusoma ukishindwa. Amekuwa akijizoeza tangu jana kwa kile Kiswahili chake cha sokoni Moshi, na watu wataangua kicheko msibani, nami sitakuwepo kumnyamazisha. Lakini simtaki Jaswant. Nakutaka wewe, kwa sababu ukiusoma wewe hakuna atakayesema ni porojo za jirani.

Mali yangu si ya kuchosha shahidi. Nyumba hii ni ya Haika, aliyenigeuza kitandani miaka miwili; Godson unayo yako, na hukuniomba hii, nakushukuru. Sehemu yangu ya kihamba, lile shamba la ukoo kule Kibosho, nayo ni ya Haika. Ndiyo, najua mila inasemaje kuhusu binti na kihamba, naijua kabla Evarist hajajifunza kuitaja, na bado ni ya Haika. Atakayemfukuza pale nitamjia ndotoni nimevaa barakoa. Jacqueline, wewe chukua kadi za Douglas, zipo kwenye kopo la biskuti. Umesema nini? Ah, amesema kwa Kiingereza chake kwamba anataka na barakoa. Chukua, mama, ila usafishe kutu.

Glavu yangu, ile ya ngozi nyeusi iliyo kabatini, ni ya yule atakayesoma.

Sasa maagizo ya mwisho, na mnisogelee maana pumzi inapungua. London mtasoma na Kibosho mtasoma, maneno yaleyale, pasipunguzwe neno. Manka mumkalishe mbele, pamoja na ukoo. Kabla ya kunizika, Godson ukate jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, umpelekee kwa mikono miwili. Jacqueline, isale ni ule mmea ulio kwenye chungu pale dirishani, shangazi yako aliununua hapa Harrow kama pambo na mwenye duka hakujua anauza nini. Kwetu ndilo jani la kuombea msamaha, na anayeletewa hukataa kwa shida sana. Lakini usilipeleke kabla ya kusoma. Kabla ya kusoma ni jani tu.

Na lingine. Watu wa mochwari wakishanivalisha suti watataka kunivisha glavu nyeupe, ndiyo desturi yao siku hizi, ili maiti ipendeze. Msinivishe. Tazameni vidole hivi. Hiki kilivunjika mara tatu, hiki hakijawahi kunyooka tangu mwaka sabini na moja, hiki cha mwisho kinatazama upande wake kama mtu aliyenuna. Viwekeni juu ya kifua, wazi, kila anayepita kuniaga avione. Msomaji akisema marehemu alikuwa mdakaji, na mtu akawa na shaka, atazame chini. Hakuna injinia mwenye mikono hii.

Nimechoka. Haika, sasa unaweza kuandaa dawa. Bado kidogo.

Sikusema haya kwa kuogopa moto. Padri alikuja Jumatano, tumemalizana. Nasema kwa sababu sikubali... sikubali mtu mwingine aendelee kubeba mpira ulionipita mimi. Na sikubali kazi yangu ifichwe kama mtoto wa nje. Niliinama, lakini sikumwinamia mtu.

Inamisheni vichwa niwashike. Wewe Haika, Mungu akulipe kwa mikono yako, upate wa kukushika siku yako ikifika. Jacqueline, macho yako yaone mbali kuliko yangu, na lugha hii usiiachie nyumba hii. Jaswant, ndugu yangu wa ukutani, ubaki na meno ya kulia gathia. Anastasia aliyetangulia anisogezee nafasi. Amani iwe kwa wote waliozaliwa kwangu na watakaozaliwa kwenu.

Godson. Sogea. Umevua koti... vizuri. Sauti inaniacha, sasa tazama mkono. Hapa, chini ya blanketi. Hesabu vidole.

Kimoja, mwanangu.

Nyoosha.